Gole la Kuku Likijaa: Mshike Alfajiri

Katika vijiji vya Ngao, Tarasaa na Garsen, na katika mashamba ya skimu ya Hola na Bura, kuku ndiye akiba iliyo karibu na mlango. Mtoto akitakiwa daftari, mgonjwa akitakiwa nauli ya hospitali, au mgeni akifika jioni, kuku ndiye anayeshikwa. Kwa hiyo mtetea mmoja akianza kuzubaa na kuacha kula, hilo si jambo dogo. Wakulima wengi humwona kuku wa namna hiyo wakasema, "Ni maradhi tu," wakamchinja au wakampeleka sokoni mbio. Lakini mara nyingine taabu yote imo katika gole, na mwenye kuku aweza kuiondoa mwenyewe nyumbani.

Gole ni kitu gani

Kuku hana meno. Kila alacho hukimeza kizima, nacho hushuka na kuingia katika kifuko kilicho chini ya shingo, mbele ya kifua, kwa upande wake wa kuume. Kifuko hicho ndicho gole. Humo chakula hulowana na kulainika, kisha huteremka kidogo kidogo mpaka tumboni penye tindikali, halafu firigisini. Firigisi ni kinu cha kuku, na vijiwe anavyomeza ndivyo mchi wake. Asipopata vijiwe, kinu hakisagi. Na kinu kisiposaga, chakula hurundikana nyuma yake.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kuku mzima hulala gole limejaa, huamka gole tupu. Basi ukimshuku kuku, mshike alfajiri kabla hajala wala kunywa, umpapase gole lake kwa vidole. Ukilipapasa saa sita za mchana hutajua lolote, kwa kuwa wakati huo kuku wote wana magole yaliyojaa.

Namna tatu za taabu ya gole

Kwanza, gole lililoziba. Alfajiri utalikuta gumu kama donge la ugali wa jana au la udongo. Kuku hunyosha nyosha shingo, hudonoa chakula asimeze, na siku zikipita hukonda. Ndani yake mara nyingi mna majani marefu, mabua, makapi ya mpunga au nyuzi zilizosokotana.

Pili, gole lililochacha. Hili huwa laini kama mfuko wa maji. Ukimfungua kuku mdomo wanuka uchachu, na pengine maji machafu hutoka mdomoni. Humo hamira za ugonjwa zimezaana. Taabu hii hufuata chakula chenye ukungu, au gole lililoziba kwa siku nyingi, au dawa za kuua vijidudu zilizotolewa ovyo.

Tatu, gole lililolegea. Hili huning'inia mbele kama mfuko mtupu, kwa kuwa nyama zake zimenyoshwa mno. Kuku huyu mara nyingi haponi kabisa. Mpe chakula laini kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, wala usimzuilie majani marefu tu, bali na nafaka nyingi kwa mara moja.

Kumtunza mwenye gole lililoziba

1. Mtenge peke yake katika tenga au kizimba safi kilichomo kivulini. Usimtandikie nyasi wala mabua, maana atayala na kuzidisha mzigo.

2. Mnyime chakula tangu jioni mpaka kesho yake mchana. Usipitishe siku moja nzima. Maji safi yawepo wakati wote.

3. Mpe mafuta ya nazi, ya simsim au ya kupikia, kijiko kimoja cha chai. Mtie matone machache pembeni mwa mdomo, umngoje ameze mwenyewe, ndipo utie mengine. Nyuma ya ulimi wa kuku pana tundu dogo la kupitisha pumzi. Mafuta au maji yakiingia humo hufika mapafuni, na kuku aweza kufa mkononi mwako. Kwa hiyo usimimine kwa haraka.

4. Mshike akiwa amesimama wima, umsugue gole polepole kwa vidole ili donge livunjike. Fanya hivyo kwa muda wa dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Usikamue kwa nguvu, wala usisukume chakula kurudi juu mdomoni.

5. Gole likilainika na kupungua, mpe uji mzito uliopoa au yai lililochemshwa na kupondwa, kidogo kidogo, kwa siku mbili tatu. Kisha mrudishie chakula cha kawaida pamoja na changarawe ndogo.

Ikiwa siku ya pili imekwisha na donge li vilevile, mpeleke kwa Afisa wa Mifugo. Daktari wa wanyama aweza kupasua gole, kulitoa lililomo na kulishona tena. Kazi hiyo haifanywi kwa wembe na uzi wa nguo nyumbani.

Kumtunza mwenye gole lililochacha

Huyu naye mtenge, umnyime chakula kwa muda wa nusu siku, na umpe maji safi yanayobadilishwa mara kwa mara. Tupa chakula chote chenye ukungu na uoshe chombo chake. Halafu tafuta ushauri wa Afisa wa Mifugo mapema, kwa kuwa ziko dawa za kuua hamira hizo, nazo hupimwa kwa uzito wa kuku.

Wako watu wanaomfungulia kuku kidonge cha rangi mbili kilichobaki baada ya mtoto kuugua. Kidonge hicho huua bakteria, lakini hamira si bakteria. Bakteria wakifa, hamira hupata nafasi na kuzidi.

Wako pia wanaomning'iniza kuku kichwa chini ili atapike. Usifanye hivyo. Kuku hatapiki kama mtu, na maji yale machafu huingia kwa urahisi katika njia ya pumzi. Na maji ya pilipili, ambayo wengi huyasifu, hayawezi kuyeyusha uzi wala bua.

Je, ni gole au ni kideri?

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na yampasa kila mkulima apajue. Kuku mwenye kideri huacha kula, na gole lake laweza kujaa maji kwa kuwa tumbo lake halifanyi kazi. Ukimtazama gole tu, utadanganyika.

Taabu ya gole humpata kuku mmoja. Kideri huwapata wengi kwa siku chache. Tazama dalili hizi: manyoya yamesimama, kinyesi ni cha kijani, kuku anapumua kwa shida, shingo inapinda, mabawa au miguu imelegea, na vifo vinafuatana. Ukiona kuku wawili watatu wameugua pamoja, acha habari ya mafuta na kusugua. Fungia kuku wote. Zika kwa kina au choma waliokufa, wala wasiliwe. Mpashe habari Afisa wa Mifugo siku ileile.

Zaidi ya yote, usiuze hata mmoja. Kuku mgonjwa anayepelekwa soko la Garsen kwa hofu ya hasara hurudi kijijini kwa njia ya tenga, ya viatu na ya kuku wengine, na hasara ya nyumba moja huwa hasara ya skimu nzima. Maradhi haya yalionekana mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, na mpaka leo hayana dawa ya kuyaponya. Kinga yake ni chanjo. Chanjo ya I-2, iliyotoka Australia na kutumiwa vijijini Tanzania na Msumbiji, hustahimili joto kuliko nyingi za zamani. Hutiwa tone moja jichoni kwa kuku mzima, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa yafaa itumiwe siku hiyo. Basi majirani na waungane, wachanje kwa pamoja. Muulize Afisa wa Mifugo ni chanjo ipi inayopatikana kwenu.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu

Udongo wetu wa bondeni ni mzito wa mfinyanzi, na changarawe ni chache. Wawekee kuku changarawe ndogo au mchanga mkavu wenye chembe kubwa katika kopo. Makombe ya pwani yaliyopondwa husaidia ganda la yai, lakini huyeyuka tumboni, hayawezi kushika kazi ya changarawe.

Okota nyuzi za magunia, vipande vya nyavu za kuvulia samaki na mabaki ya ukindu baada ya kusuka mikeka. Uzi wa nailoni hauozi gololeni hata kwa mwezi.

Mboga za majani zikatwe fupi kabla ya kuwapa kuku. Na wakati wa kupanda, tunapowafungia ili wasiharibu mbegu za jirani, tusiwafungulie wakiwa na njaa kali. Wape kwanza pumba na maji bandani, maana kuku mwenye njaa humeza nyasi na mabua pasipo kuchagua.

Baada ya mafuriko, kama yale ya mwisho wa mwaka 2023, mahindi na mpunga uliolowa huota ukungu upesi. Nafaka hiyo usiione kuwa ni chakula cha kuku kwa sababu haifai kwa watu. Ukungu unaomdhuru mtu humdhuru na kuku.

Basi kila alfajiri, kabla ya kufungua banda, watazame kuku wako. Anayezubaa mshike, mpapase. Gole tupu, tafuta sababu nyingine. Gole gumu, anza na maji, mafuta na vidole vya polepole. Gole la maji linalonuka, mtenge na utafute ushauri. Na kama wanaougua ni wengi, funga mlango wa banda na umwite Afisa wa Mifugo kabla jua halijawa kali.