Afya Njema Haina Njia ya Mkato

Na Mwandishi Wetu

Katika kijiji cha Ushongo, wilayani Pangani mkoani Tanga, chakula bora hakiko mbali na mlango wa nyumba: samaki na dagaa hutoka baharini, muhogo, kunde na kisamvu hutoka shambani, embe na papai huchumwa mtini. Hata hivyo, kupitia simu za mkononi, wakazi wa pwani kama Watanzania wengine hufikiwa na matangazo ya milo inayoahidi kupunguza kilo nyingi ndani ya siku 7, mingine ikipiga marufuku kabisa ugali, wali, muhogo na hata matunda.

Tatizo la uzito uliozidi ni la kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, kutoka asilimia 22 mwaka 2010. Hali hiyo huongeza hatari ya shinikizo la juu la damu, kisukari na maradhi ya moyo. Nia ya kupungua ni njema. Kinachopaswa kupimwa ni njia.

Mwili huhifadhi akiba ya wanga katika ini na misuli pamoja na maji. Mtu anapoacha wanga ghafla, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka. Mizani hushuka upesi, ilhali mafuta yaliyopungua ni machache. Chai na vidonge vya kuharisha navyo huondoa maji na chumvi za mwili. Mlo wa kawaida unaporejea, uzito nao hurejea.

Hatari kubwa zaidi humkabili mgonjwa. Anayetumia insulini akiacha wanga bila daktari kurekebisha dozi, sukari yake inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Anayeacha dawa za shinikizo kwa kuamini kuwa mlo umemponya, huenda asihisi lolote hadi siku anapopatwa na kiharusi. Wajawazito na wanaonyonyesha pia hawapaswi kujaribu milo hiyo.

Mlo kamili haupigi marufuku kundi lolote la chakula, bali hupanga kiasi. Kipimo rahisi ni sahani yenye nusu ya mboga na matunda, robo ya wanga, na robo ya samaki au kunde. Muhogo wa kuchemsha ni bora kuliko wa kukaanga, na tui la nazi litumike kwa kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku.

Kuhusu mazoezi, mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki. Mvuvi anayepiga kasia na mkulima anayeshika jembe huzipata kazini. Mwenye duka na dereva wa bodaboda, wanaoshinda wameketi, hawana budi kuzitafuta. Kutembea kwa haraka ufukweni dakika 30, siku 5 kwa wiki, kunatosha na hakugharimu chochote.

Kabla ya kubadili mlo, mwananchi afike katika kituo cha afya kilicho karibu apimwe uzito, shinikizo la damu na sukari. Mwenye dawa asiziache wala kupunguza dozi bila ushauri wa daktari.