Odumbe ana nafasi katika kikosi bora cha kriketi?

MASHABIKI wa kriketi wanapoteua kikosi bora cha Kenya cha wakati wote katika mechi za siku moja, majina mawili hayazui ubishi: Steve Tikolo, nahodha timu ilipofika nusu-fainali ya Kombe la Dunia 2003, na Thomas Odoyo, mchezaji wa kwanza kutoka nchi isiyo na hadhi ya mechi za Test kutimiza wiketi 100.

Kennedy Otieno atafungua zamu ya kupiga. Mwaka wa 1997 jijini Nairobi, yeye na Dipak Chudasama walikusanya mikimbio 225 dhidi ya Bangladesh kabla ya mmoja wao kuondolewa.

Ugumu waanzia kwa warushaji. Kila timu hurushiwa ova 50 pekee, hivyo anayebana mikimbio aweza kuwa na thamani kuliko anayejaza wiketi. Ndiyo maana Aasif Karim hawezi kuachwa. Jijini Durban mwaka wa 2003, Australia, waliotwaa kombe siku chache baadaye, walipata mikimbio saba tu kwa mipira yake 50, naye akawaondoa wapigaji watatu.

Kisha kuna Maurice Odumbe, nahodha na mchezaji bora wa mechi West Indies walipozimwa kwa mikimbio 73 mjini Pune, India, mwaka wa 1996. Mnamo 2004 alipigwa marufuku ya miaka mitano kwa uhusiano wake na wachezesha kamari. Wapo wasemao jina lake lifutwe kabisa. Lakini adhabu aliitumikia, na ushindi wa Pune haukubatilishwa. Aingie kikosini, unahodha tu ndio asipewe.