Divai nyekundu ya Dodoma, na ile habari ya kuongeza damu

Siku hizi kwenye harusi na komunyo ya kwanza chupa ya divai nyekundu inawekwa mezani karibu na bia. Hata kwa mama aliyezaa juzi, mtu analeta chupa na kusema: mpeni anywe, inaongeza damu. Swali hilo tumeulizwa mara nyingi. Wenzetu Waislamu hawainywi, lakini nao wanaambiwa maneno yale yale juu ya kila kinywaji chekundu cha butike.

Tuchukue divai ya majirani, ile ya Dodoma, Tanzania. Dodoma ni Ugogo, nchi kavu ambayo misafara ya zamani ilipita ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora, Ujiji na mpaka hapa Kasongo kwa Tippu Tip. Mchele na Kiswahili vilitufikia kwa njia hiyo. Mizabibu haikutufikia, kwani hata Ugogo haikuwapo: wamisionari wa Kitaliano waliipanda katika misioni ya Bihawana katikati ya karne ya 20, wapate divai ya misa. Mzabibu unapenda jua na ukavu. Mvua kama zetu zinauletea ukungu kwenye majani na matunda.

Kule mvua inanyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha jua tupu. Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma mkulima anaukata matawi, unachipuka tena, naye anavuna mara mbili: Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi ndiyo yenye sukari zaidi. Zabibu yao nyekundu inayojulikana sana inaitwa Makutupora, jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu.

Sasa wekundu. Kamua zabibu nyeusi, maji yake karibu yote ni meupe. Rangi iko kwenye ganda. Divai nyekundu inachachuka pamoja na maganda, na ganda linatoa rangi na ule ukakasi unaokamata ulimi kama ndizi mbichi. Ukiacha ukakasi, utasikia matunda meusi yaliyoiva na uchachu kidogo. Divai tamu kama sirupu ni ya namna nyingine. Wengi wetu tunaipenda hiyo, na si dhambi.

Ukakasi unataka mafuta na nyama. Mbuzi wa kuchoma, ng'ombe aliyepikwa polepole, hata sombe yenye mawese na kalanga, vinalainisha divai kinywani. Samaki wa Lualaba tusimharibu nayo, inaacha ladha ya chuma. Pilipili nayo tupunguze, maana pombe inazidisha moto wake. Na anayetaka zabibu bila pombe, aweke zabibu kavu ndani ya pilau.

Turudi kwa damu. Rangi ya ganda la zabibu si damu na haigeuki kuwa damu. Tena ule ukakasi unazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo ndani ya chakula, na chuma ndicho kinachojenga damu. Mwenye mimba asinywe pombe hata kidogo, kwa sababu inamfikia mtoto tumboni. Anayenyonyesha pia, pombe inaingia katika maziwa. Mama mwenye macho meupe, anayechoka na kuhema akipanda kilima kidogo, apelekwe kituo cha afya apimwe damu, malaria na minyoo, apewe vidonge vya chuma na asidi ya foliki. Nyumbani tumpe maini, maharagi, lengalenga, sombe, na chungwa au limau pamoja na chakula, maana uchachu wake unasaidia chuma kuingia mwilini. Bei ya chupa moja inanunua maini ya siku kadhaa.

Kwa sherehe, soma karatasi ya chupa. Ikiandikwa rangi, sukari na pombe bila zabibu, hiyo si divai. Angalia na asilimia: chupa ya mililita 750 yenye asilimia 13 ina pombe kushinda chupa mbili kubwa za bia ya asilimia 5. Kwa hiyo tunamimina kidogo, baada ya watu kula, na chupa iliyobaki tunaifunga vizuri na kuiweka mahali pa baridi, mbali na watoto. Baada ya siku tatu hivi itaanza kuwa siki.