Fedha za muhula zisipogawanywa kwa wiki, mwanafunzi huingia mtihani na njaa

KWA vijana wengi nchini Kenya, siku ya kuingia chuo kikuu huwa ndiyo mwanzo wa kukabidhiwa maelfu ya shilingi bila mzazi wala mwalimu wa kusimamia matumizi. Fedha hizo huja kwa mkupuo, ilhali njaa huja kila siku. Katika tofauti hiyo ndimo yanamozaliwa matatizo mengi ya wanafunzi.

Eldoret ni mfano mwafaka. Mji huo ulipandishwa hadhi na kuwa jiji mnamo Agosti 2024, lakini ungali mdogo ukilinganishwa na Nairobi au Mombasa. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984, kina bewa kuu Kesses, takriban kilomita 35 kutoka katikati ya jiji. Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichokuwa bewa la Chepkoilel, kilipata hati yake 2013. Vitanda vya mabweni havitoshi, na wanafunzi wengi hulazimika kupanga vyumba nje ya chuo.

Wazazi waliosoma katika vyuo vya umma miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka enzi ambapo serikali iligharimia chakula na malazi, na kuwapa wanafunzi posho iliyofahamika kama 'boom'. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, mfumo wa kugawana gharama ulipoanza kutekelezwa na mwanafunzi akatakiwa kujilipia mlo wake. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa 1995.

Kwa viwango vilivyotumika 2024 chini ya mfumo mpya wa ufadhili, mkopo wa kujikimu ulikuwa kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka, kutegemea uwezo wa familia. Ukitazamwa kwa mara moja, mkopo huo huonekana mkubwa. Ukigawanywa kwa mihula miwili yenye wiki 16 kila mmoja, sura hubadilika: Sh60,000 huwa Sh1,875 kwa wiki, nazo Sh40,000 huwa Sh1,250 tu.

Hesabu inavyofanywa

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayepata Sh30,000 za mkopo kwa muhula, na ambaye mzazi humtumia Sh3,000 kila mwezi kwa miezi minne. Jumla yake ni Sh42,000.

Jambo la kwanza ni kutenga gharama zisizoepukika. Akiishi na mwenzake katika chumba cha Sh4,000 kwa mwezi, sehemu yake ya kodi ni Sh8,000 kwa muhula. Akiweka Sh3,000 za vitabu na kurudufu makala, Sh3,000 za nauli ya kwenda na kurudi nyumbani, na Sh4,000 za dharura kama vile ugonjwa, hubakia na Sh24,000. Hizo ndizo za kugawanya kwa wiki 16, naye hupata Sh1,500 kwa wiki za chakula, sabuni, usafiri na simu.

Mwenzake asiyepiga hesabu hii, akatumia Sh3,000 kwa wiki, huzimaliza fedha hizo katika wiki ya nane. Nusu ya pili ya muhula, ambayo ndiyo ya majaribio na mitihani, humkuta hana kitu. Wawili hao walipata kiasi kilekile. Kilichowatofautisha ni mpango.

Ikumbukwe pia kwamba mkopo haufiki siku ya kufungua chuo. Mara nyingine hukawia kwa wiki kadhaa, hasa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwa hivyo, familia yapasa kumwandaa kijana na fedha za mwezi wa kwanza, pamoja na amana ya nyumba ambayo wenye nyumba wengi hudai kabla ya kutoa ufunguo.

Nyumba na jikoni

Kabla ya kulipa kodi, mwanafunzi anafaa kuuliza mambo matatu: iwapo maji na umeme vimo katika kodi hiyo, iwapo amana itarudishwa, na iwapo atatozwa wakati wa likizo ndefu. Kodi ya miezi ambayo chumba kimefungwa yaweza kumeza fedha za chakula za wiki nyingi. Aidha, chumba cha bei nafuu kilicho mbali si nafuu tena nauli ya kila siku ikijumlishwa.

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kijana anayetoka Kilifi au Garissa anafaa kutenga fedha za blanketi na sweta tangu mwanzo. Sokoni kwenye mitumba atavipata kwa bei nafuu.

Kwa upande wa chakula, jiji hilo lina neema yake. Kaunti ya Uasin Gishu ni miongoni mwa maghala ya mahindi nchini, na bei kwa kawaida hushuka msimu wa mavuno, kati ya Oktoba na Desemba. Gorogoro chache za mahindi zikipelekwa mashineni hutoa unga wa bei nafuu kuliko ule wa pakiti. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva upesi na kuokoa gesi. Wanafunzi watatu wanaopika sufuria moja hutumia fedha kidogo kuliko kila mmoja akinunua sahani yake kibandani.

Bandu bandu huisha gogo

Fedha nyingi hazipotei kwa ununuzi mkubwa. Hupotea kwa chipsi za usiku, bodaboda za safari fupi, ada za kutuma na kutoa fedha kwa simu, na vifurushi vya intaneti vya saa moja moja. Hatari zaidi ni mikopo ya simu na michezo ya kamari, kwani anayekopa kulipia chakula cha leo huwa amekwisha kula cha wiki ijayo.

Hali kadhalika, mkopo wa kujikimu ni deni. HELB hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mkopaji hutarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kuhitimu, na asiyelipa hutozwa faini ya Sh5,000 kila mwezi.

Hata hivyo, si kila anayeishiwa ni mbadhirifu. Wapo wanaotuma sehemu ya mkopo nyumbani ili mdogo wao asifukuzwe shule kwa kukosa karo. Huo ni wema usioweza kulaumiwa, ila wazazi yafaa wajue kwamba kila Sh1,500 inayorudi nyumbani, kwa mfano huo wa juu, ni wiki nzima ya chakula cha mwanafunzi. Jambo hilo lajadiliwe kabla ya muhula kuanza, kiasi kikubaliwe, nacho kiandikwe katika bajeti kama kodi inavyoandikwa.

Anayeona fedha zinakaribia kumwishia asingoje hadi siku ya mtihani. Ofisi inayoshughulikia maslahi ya wanafunzi chuoni ndiyo ya kuendewa mapema, na mwenye nyumba huelewa zaidi anapoelezwa kabla ya tarehe ya kodi kuliko anapokwepwa baada yake.