Njia za mkato za mama wa machimbo: zinazookoa wakati na zinazoharibu mtu

Tuliitisha mkutano wa sindika hapa Kalima saa kumi ya jioni, juu ya mambo ya vifaa vya kazi. Wanaume walijaa. Wamama walikuja sita tu, na mbele ya kupiga kura watano walikuwa wamekwisha kuondoka. Yule mmoja aliyebaki alisimama, akatuambia: "Baba delege, saa kumi njo saa ya kuwasha moto. Mukiita mkutano saa hii, mumekwisha kutufukuza." Tulicheka kidogo. Kisha kicheko kikakatika, sababu mama alisema kweli.

Siku iliyofuata tulikaa na wamama tukahesabu kazi zao. Kulikuwa mama anayesafisha mchanga wa kasiterite mtoni, mama anayebeba mizigo kutoka shimo paka depo, mama anayepikia wachimbaji chakula, na mama mwalimu mwenye bwana mchimbaji. Wote wanaamka saa kumi ya alfajiri na kulala saa nne ya usiku. Hayo ni masaa 18. Mchimbaji akitoka shimoni anasema "nimechoka", anakaa chini. Mama akitoka mtoni anachukua bidoni, anarudi mtoni tena.

Haikuwa hivi siku zote. Wazee wetu waliofanya kazi Symétain, na kisha Sominki iliyoundwa mwaka 1976, walikuwa wanaishi kambini na mushahara wa mwezi. Mama alikuwa na shamba na nyumba yake. Lakini mwezi wa 10 mwaka 1985 bei ya etain ilianguka katika soko la dunia, na kompanyi ikalegea. Baadaye vita ikaja ikamaliza kilichobaki. Watu wakaanza kujichimbia wenyewe, na mushahara wa bwana peke yake haukutosha tena. Mama akaingia machimboni, lakini hakuna mtu aliyeingia jikoni pahali pake. Ndiyo shida yetu mpaka leo.

Kwa hiyo wamama wenyewe wamejitafutia njia za mkato. Tulizikusanya, na tukaona ziko za namna mbili: zingine zinaokoa wakati, na zingine zinakopa wakati kwa deni kubwa. Tuzungumze juu ya zote mbili.

MAHARAGI NA KITUNGA

Maharagi yanakula kuni na yanakula mama. Njia ya kwanza kila mtu anaijua, lakini wengi wanaisahau: yaloweke usiku, asubuhi umwage yale maji na kupika kwa maji mapya. Hapo peke yake umekwisha kupunguza wakati wa moto.

Njia ya pili ni ya kitunga. Tafuta kitunga kikubwa, ukijaze majani makavu ya ndizi au nguo za zamani, na katikati uache shimo la sufuria. Chemsha maharagi kwa moto mkali karibu nusu saa, funika vizuri, kisha toa sufuria motoni na kuiingiza haraka kitungani. Funika juu kwa blanketi. Joto linabaki ndani na maharagi yanaendelea kuiva bila moto, bila mtu wa kuyachunga. Ukirudi kisha masaa matatu ao mane, yarudishe motoni kidogo paka yachemke, mule. Mchele ni mwepesi zaidi: ukichemka dakika tano na kuingia kitungani, kisha saa moja umeiva.

Hii haiko uchawi, wala haiko kitu kipya. Watu wa Ulaya walipika hivyo wakati wa vita, makala yalipokosekana. Afrika ya Kusini, kuanzia mwaka 2008, wanashona mifuko ya kitambaa kwa kazi hiyohiyo na kuiuza. Kwetu majani ya ndizi ni ya bure.

Jambo moja tu: usiingize maharagi kitungani kama hayajachemka sana. Maharagi yaliyopata joto dogo tu yanaumiza tumbo, yanatapisha.

MIHOGO: USIIBE SIKU ZA MAJI

Hapa tunaomba kila mtu asome polepole. Mihogo michungu iko na sumu. Mama zetu walijua, njo maana waliilaza majini siku tatu, hata nne, mbele ya kuianika. Lakini mama anayefanya kazi, watoto wana njaa, na muchuuzi anangojea unga, anatoa mihogo kisha siku moja. Unga unaonekana mweupe, bugali inaonekana bugali. Sumu haionekani.

Katika Kwango, upande wa magharibi wa inchi yetu, kuko ugonjwa unaoitwa konzo. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena maisha yote. Unashika zaidi watoto na wamama, katika nyumba zinazokula mihogo michungu iliyolowekwa haraka, bila samaki, nyama wala maharagi pembeni. Haraka haraka haina baraka: hapa hiyo mezali si maneno ya wazee tu, ni miguu ya mtoto wako.

Basi kama siku za maji zilipungua, iko njia ya kuokoa ule unga. Kuanzia mwaka 2010, wamama wa kijiji cha Kay Kalenge, huko Kwango, walifundishwa kuifanya. Tia unga katika beseni, weka alama pahali unafika. Ongeza maji kidogo kidogo na kukoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha maji. Tandaza ile unga yenye kulowana juu ya mkeka safi, nyembamba, isizidi unene wa kidole. Iache masaa mawili kwenye jua ao masaa matano kwenye kivuli. Sumu inatoka na hewa. Kisha pika bugali siku hiyohiyo, usiilaze. Masaa mawili hayo hayahitaji mtu wa kusimama pale. Mama anaweza kufanya kazi ingine.

SOMBE

Kutwanga sombe ni kazi ya mikono na mgongo. Tulikuta nyumba tano zilizochanga franka wakanunua mashine ya mkono, ile ya kusagia nyama. Sombe ya siku mbili inasagwa mara moja, na mashine inazunguka nyumba kwa nyumba. Ni njia nzuri. Mbaya ni ile ya kukata majani kwa kisu tu na kuyatupa sufuriani. Majani ya mihogo nayo yako na sumu, na kutwanga ao kusaga ndiko kunaifungua itoke. Saga laini, na dakika za kwanza za kuchemka acha mfuniko wazi. Sombe iliyobaki ichemshe tena asubuhi na jioni, maana hatuna frigo.

MAJI

Kuchemsha maji ya kunywa kunamaliza kuni. Kwa maji masafi kwa macho, iko chupa ya plastiki nyeupe isiyo na rangi, isiyopita lita mbili. Ioshe, ijaze, ilaze juu ya bati kwenye jua kali masaa sita. Jua linaua vijidudu vya kuhara. Mawingu yakijaa, iache siku mbili nzima. Siku ya mvua ya kwetu, rudi kwa moto.

Lakini sisi watu wa machimbo tuko na shida yetu: maji ya mto chini ya mashimo yamekuwa ya matope. Jua halipiti katika matope, na tena halitoi madini. Weka chupa juu ya karatasi yenye maandishi. Kama huwezi kuyasoma kupitia maji, hayo maji hayafai kwa njia hii. Teka juu ya machimbo ao kwenye chemchem. Hapo mama anaongeza mwendo, na huo mwendo ni deni la machimbo kwa mama. Tunaandika hivyo ili wakubwa wa machimbo pia wasome.

LIKELEMBA YA KAZI

Likelemba ya franka tunaijua wote. Wamama wane wa kambi moja waliigeuza kuwa likelemba ya siku. Kila siku mmoja wao habebi mizigo: anabaki, anapika sufuria moja kubwa ya nyumba nne, na kuchunga watoto wadogo wote. Watatu wanakwenda kazini mikono mitupu, bila mtoto mgongoni. Mbele ya hapo, kila mmoja alikuwa anabeba mtoto mpaka kando ya shimo, kwenye udongo unaobomoka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika njia zote tulizoona, hii ndiyo iliyotupendeza zaidi, na haikuombwa kwa mtu.

NJIA YA MKATO MBAYA KULIKO ZOTE

Iko njia moja ambayo wamama hawakuitaja kwanza. Tulipouliza "na nani anateka maji ukiwa kazini?", walinyamaza. Ni binti. Binti wa miaka kumi anateka, anatwanga, anabeba mdogo wake. Masomo ya primere hayalipiwi tangu mwaka 2019, lakini kiti chake darasani ni kitupu siku mbili, tatu kwa juma. Huko si kuokoa wakati. Ni kuchukua wakati wa mtoto na kuutia katika sufuria. Kaka yake, wa umri mmoja naye, anacheza mpira.

Hatuwahukumu wamama. Tunajiuliza sisi wababa: bidoni ya lita 20 inachagua mtu? Mikono inayoshika barete saa nane inashindwa kushika bidoni? Baba akiteka maji jioni na mtoto mwanaume akipasua kuni za juma zima siku ya posho, na kuzipanga zikauke, mama anapata saa nzima kila siku. Hakuna mashine inayotoa hivyo.

NA SHERIA?

Kwa wamama wenye kontra, sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inawapa majuma 14 ya mapumziko ya uzazi, na mara mbili kwa siku nusu saa ya kunyonyesha, inayohesabiwa kuwa wakati wa kazi. Wengi hawajui, na bosi hatawaambia. Ulizeni delege wenu. Kwa wamama wasio na kontra, wale wa mtoni na wa mizigo, karatasi hiyo haiwafikii. Kwao nguvu ni koperative na sindika kudai kwa sauti moja.

Tulibadilisha saa ya mkutano. Sasa ni siku ya Mungu, kisha ibada, na mama wa zamu wa likelemba anachunga watoto pembeni. Mara ya kwanza wamama walikuja 31 na wakabaki mpaka kura. Walichodai kwanza haikuwa franka. Walidai banda moja la kivuli karibu na pa kusafishia mchanga, ili watoto wanyonyao wasilale juani. Tumepeleka barua. Jibu halijafika bado. Lakini miti ya banda tumekwisha kukata, na siku ya posho inayokuja tunafanya salongo. Wababa, mukuje na mapanga.