Kuchungulia Kilicho Mbele: Iterata na Mipaka ya Urithi (Sehemu ya Tatu)

Makala mbili zilizotangulia zilieleza kwamba iterata ni objekti inayotoa vipengee vya mkusanyiko kimoja baada ya kingine, bila mtumiaji kuhitaji kujua vimehifadhiwa vipi. Katika Java, tangu toleo la 1.2 la mwaka 1998, methodi ya hasNext hujibu kama kuna kilichobaki, na next hukitoa na kusonga mbele. Ugumu unaanzia hapo, kwa kuwa huwezi kukiona kipengee bila kukitoa. Chukua programu inayosoma hesabu 127+3 alama moja moja. Haiwezi kujua kuwa namba 127 imekwisha mpaka ikutane na alama ya kujumlisha, na ikishakutana nayo imekwisha kuitoa. Sehemu inayoshughulikia kujumlisha itaikuta 3 peke yake. Maktaba sanifu ya lugha ya C ina ungetc kwa ajili ya hali hii hii: inarudisha alama kwenye mkondo, ingawa inayohakikishwa ni moja tu. Kwa kazi nyingi moja inatosha.

Anayejifunza urithi hushawishika kurithi klasi ya iterata aliyonayo na kuiongezea methodi ya peek, ya kuchungulia kipengee kijacho bila kukitoa. Nashikilia kuwa njia hiyo haifai. Kwanza, mara nyingi haiwezekani: klasi ya iterata ya ArrayList ni ya faragha, haionekani nje ya ArrayList yenyewe. Pili, hata ingewezekana, ungelazimika kurithi upya kwa kila aina ya mkusanyiko. Lililo bora ni kuunda klasi moja inayotimiza kiolesura kilekile cha iterata, huku ikishika ndani yake iterata nyingine yoyote. Inahitaji nafasi ya kuweka kipengee kilichochunguliwa, na alama ya ndiyo au hapana inayoonyesha kama nafasi hiyo imejaa. Alama hiyo ni ya lazima, maana orodha ya Java inaweza kubeba null kama kipengee halali, na hivyo null haiwezi kumaanisha kuwa nafasi ni tupu. Iterata ya kuchungulia ya Guava, maktaba ya Java iliyotoka Google, imejengwa hivyo. Peekable ya lugha ya Rust nayo inafuata wazo hilohilo.

Linabaki suala la wakati, na hapa Pascal ya Niklaus Wirth, iliyochapishwa 1970, ina funzo kubwa. Faili lake lilikuwa na kipengee cha mbele kinachoonekana daima, yaani kuchungulia kulijengwa ndani ya lugha. Kwa kadi zilizotobolewa na tepu hakukuwa na shida. Kwenye terminali, programu ilidai alama ya kwanza kabla haijamwandikia mtu swali la kujibu, na wajenzi wa vikusanyaji (compiler) wakalazimika kuahirisha usomaji hadi alama ihitajike kweli. Kwa hiyo klasi yetu isiguse iterata ya ndani wakati wa kuundwa. Isubiri mpaka iombwe.

Wapo watakaouliza kwa nini tusinakili kila kitu kwenye orodha, tukatazama popote tutakapo. Kwa faili dogo wana haki. Kwa data inayotiririka kutoka kwenye mtandao, mwisho huenda usifike kabisa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba baada ya kuchungulia, iterata ya ndani imeshasonga, hivyo remove, methodi ya iterata inayofuta kipengee kilichotolewa mwisho, ingefuta kisichokusudiwa. Guava hukataa waziwazi kwa kutoa hitilafu, na naona ni sahihi: heri programu isimame kuliko kuharibu data kimyakimya. Tena, mwingine akiendelea kuitumia iterata ya ndani, kipengee kilichochunguliwa kitampita. Rust hulizuia hilo kwa kuhamisha umiliki, kiasi kwamba kikusanyaji humkatalia anayejaribu kuitumia iterata ya awali iliyokwisha kukabidhiwa. Java haina ulinzi huo, kwa hiyo iterata ya ndani iombwe papo hapo inapokabidhiwa kwa klasi yetu, isihifadhiwe kwenye kigeu chake pekee.