Zali Halina Odds

Ukishuka pantoni upande wa Kigamboni, achana na mabango, soma bodaboda. Huyu kaandika "Lucky" kwenye madigadi, mwenzake "Mungu Fundi", wa tatu "Nyota ya Mtu". Wote wanaongea kitu kimoja: mjini hapa, mwanangu, bila zali hutoboi.

Na kitaa hakichanganyi mafaili. Zali ni lile linalodondoka ghafla: umefika Magogoni mbio, geti linafungwa, mlinzi anakuachia wewe wa mwisho, hao mnavuka. Nyota ni ya mtu, anatembea nayo. Dogo mwenye nyota akifungua kibanda cha chipsi leo, kesho foleni. Ngekewa ni ya kina babu, ila ukiisema kijiweni unaeleweka freshi tu. Gundu ndiyo usiombe: boda ishirini zinapita, trafiki anasimamisha yako. Neno zali lilipata moto zaidi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Professor Jay alipomshirikisha Juma Nature wa Temeke kwenye "Zali la Mentali". Mpaka leo mtu akiangukiwa na mchongo asioutarajia, kijiwe kinamtajia jina la ngoma hiyo.

Sasa tusidanganyane, washkaji. Zali halimfuati mtu geto. Mcheki Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, Temeke hiyohiyo. Mwaka 2011 timu yake, Simba, walikutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, wakapigwa nje ndani. Lakini Mazembe walishamuona straika kijana, na mwaka huohuo wakamchukua. Januari 2016 akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akatua Genk, na Machi 2020 akatupia Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi akiwa na Aston Villa. Kupangiwa Mazembe lilikuwa zali, nani abishe? Ila walipangiwa Simba nzima. Waliobebwa ni yeye na kiungo Mganda, Patrick Ochan.

Hapa kwetu zali na gundu vimewahi kulala kiwanja kimoja. Mwaka 2008 serikali ilipotangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, ujenzi ukasimamishwa. Mwenye kiwanja akabaki anakikodolea macho, washkaji wanamcheka: gundu hilo. Tarehe 19 Aprili 2016 Daraja la Nyerere, mita 680, likafunguliwa, na madalali wakaanza kumtafuta mtu yuleyule. Eti ana nyota! Ardhi haijasogea hata inchi.

Tuje kwenye mkeka sasa, maana huku ndiko zali linakosingiziwa sana. Jumamosi usiku, kijiweni, mwana kaweka jero kwenye mechi 12. Kumi na moja zimetiki. Ya mwisho inarudishwa dakika ya 89, sare, mkeka umechanika. "Gundu tu," anasema, huku anatafuta chaja. "Wiki ijayo zangu."

Gundu wapi? Tupige hesabu. Tuseme kila mechi ni nusu kwa nusu, na kila moja umepewa odds 1.90. Kupatia zote 12 ni nafasi moja kati ya 4,096. Kampuni yenyewe inakulipa kama mara 2,213 ya ulichoweka. Yaani jero ambayo kwa haki ingezaa milioni 2 na ushee, wewe unaahidiwa milioni 1.1. Karibu nusu imeshaliwa kabla refa hajapuliza filimbi, na kila mechi unayoongeza inawaongezea wao. Ndiyo maana mkeka mrefu unapigiwa debe kuliko mfupi.

Kwa hiyo usiite gundu kitu ambacho ni hesabu. Ukibeti, beti kwa starehe, jero ikienda iwe imeenda; nauli ya pantoni, hela ya mafuta na marejesho ya bosi usiviguse. Halafu zali lako lipe mahali pa kukukuta: mazoezini, gereji, kwenye kibanda chako, kwenye kozi uliyoianza ukaiacha njiani. Kesho asubuhi amka, ingia kwenye mishe.